Gari imepigwa raiti-ofu Uingereza? Toa namba yako kwanza, hela ya bima baadaye

Mimi nina kasaiba kangu hapa Makadara, kazi yangu ni kujazia watu fomu kuanzia asubuhi mpaka macho yanauma, za eCitizen, za pasipoti, za shule, lakini hii ya namba ya gari ya Uingereza sikuwa naijua hata kidogo mpaka ami yangu aliponikalia kitako siku mbili. Sasa nimeshaifanya na watu wawili watatu wameniuliza tena, manake huku Mombasa nani hana mtu Leicester au London, basi naiandika hapa yote nisirudie rudie.

Kisa kifupi. Ami anaishi Leicester miaka na miaka, alikuja kwa Idd, gari kamuachia kijana wake. Kijana kasimama kwa taa, lori likamjia kwa nyuma. Mwenyewe mzima alhamdulillahi, shingo tu kidogo, lakini buti ya gari imeingia ndani mpaka kiti cha nyuma. Baada ya siku chache kampuni ya bima ikasema hii haitengenezeki kwa hesabu, ndio raiti-ofu hiyo, watamlipa thamani yake. Ami gari hakuililia. Alililia namba. Ni namba ya zamani inaanza na K halafu tarakimu halafu inaishia AMU. Kwa Mzungu ni herufi tu hizo, lakini kwa sisi wenye asili ya Lamu, mji wenyewe tunauita Amu, na K ndio Kenya, kwa hiyo huyu mzee amezunguka na mji wake kwa bampa miaka kumi na kitu. Alivyoambiwa gari inaenda kupondwa alinyamaza, akaweka kikombe cha kahawa chini, akaniuliza "na namba yangu je?"

Jibu ni kwamba unaweza kuitoa ukabaki nayo. Ila kuna mpangilio, na ukikosea mpangilio namba imeenda.

Kwanza fahamu unachookoa

Watu wengi huku wanadhani namba ni ile pleti yenyewe, ile plastiki. La. Kwetu Kenya namba ya kawaida hufuata gari, ukiuza gari umeuza na namba yake, basi. Uingereza pia namba hukaa na gari, lakini wao wana mlango wa kuitoa: unaomba kwa DVLA (ndio wasajili wa magari, kama NTSA yetu huku, wako Swansea kule Wales), namba inavuliwa kwa gari, inawekwa kwa karatasi yenye jina lako, halafu siku ukipata gari nyengine unaivisha. Na hata hapo namba sio mali yako kama vile nyumba, unachomiliki ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo kijana akikimbilia kufungua skrubu na kuleta pleti nyumbani akisema nimeiokoa, hajaokoa kitu, ameleta plastiki.

Namba zinazoanza na Q hazitoki, wala zile zenye NIR. Hizo usijisumbue.

Hatua ya 1: piga simu bima kabla hujasema "sawa"

Hii ndio hatua yenyewe, zilizobaki ni kubonyeza tu. Ukishakubali malipo na hela ikaingia, gari si yako tena ni ya kampuni, na namba iko juu ya gari, kwa hiyo nayo imeenda pamoja. Hakuna mtu atakayekuuliza kama unaipenda.

Ami alipiga simu tumekaa hapa dukani, spika imefunguliwa, feni inapiga kelele, muziki wa kusubiri ukalia dakika arubaini. Akaja binti mpole sana, akamsomea kiasi, akamuuliza anakubali ili hela iingie Ijumaa? Ami akafungua mdomo. Wallahi niliifunika simu kwa kiganja. Nikamwambia ami, namba kwanza. Akamwambia yule binti, sikatai kiasi, lakini ile ni namba yangu binafsi nataka kuitoa kwa DVLA kabla hamjafunga kesi, naomba muandike hivyo kwenye faili. Binti akasema hakuna shida, hilo hutokea kila siku. Na kweli kwao ni jambo la kawaida, ila usipotaja wewe hawataji wao.

Baada ya simu tuma imeli siku hiyo hiyo, mistari mitatu inatosha: namba ya kesi, namba ya gari, na kwamba unaihifadhi namba kwa hiyo wasiipeleke gari kupondwa wala wasiitangaze DVLA mpaka uwaambie umemaliza. Simu husahaulika, imeli haisahauliki.

Uliza pia gari imewekwa daraja gani. Tangu Oktoba 2017 kuna nne: A ni ya kupondwa yote hakuna hata bolti ya kuuzwa, B bodi inapondwa lakini vipuri vinaweza kutolewa, S imeumia kwenye mifupa yake ila inatengenezeka, N imeumia lakini sio mifupa. Ya ami ilikuwa S. Kama ni S au N unaweza kuwaambia unainunua wewe mwenyewe mabaki yake, wanakukata kwenye malipo, na ukibaki na gari umebaki na namba, huna haja ya haraka. Ami hakutaka, alisema gari iliyopigwa mgongo haitembei sawa tena.

Hatua ya 2: tafuta logibuku, na usiitoe mkononi

Logibuku yao inaitwa V5C. Unachotaka hapo ni namba ya hati yenyewe, tarakimu 11. Bima nao watakuomba logibuku, na hapa ndipo watu hujimaliza, wanaituma posta mara moja kwa ukarimu, halafu wanakuja kuomba namba hawana cha kujazia. Usitume bado.

Logibuku ya ami ilikuwa Leicester, kwenye droo ya jikoni chini ya menyu za maduka ya chipsi. Kijana akapiga picha akatuma Wosapu. Picha ya kwanza kiza. Ya pili kidole gumba kimekaa juu ya tarakimu ya mwisho, mimi naingiza kumi mfumo unakataa, naingiza tena unakataa, nikaanza kulaumu intaneti ya mtaa mzima, kumbe gumba. Kwa hiyo mwambie aliye kule aiweke mezani, apige juu juu kwa mwanga, na asiitupe kwenye grupu ya familia. Ile tarakimu na anwani ni vitu vya kuibiwa navyo.

Angalia jina pia. Anayeomba ni yule aliyeandikwa kwenye logibuku kama mwenye kuiweka gari. Kama gari iko kwa jina la shemeji au la kampuni, basi ni wao waombe, wewe kaa kando uwasaidie.

Logibuku imepotea? Kuna fomu V62, paundi 25, na kungojea. Ndio maana nasema siku ya kwanza ya ajali ulizia karatasi kabla hujaulizia hela.

Hatua ya 3: hakikisha gari bado iko hai kwenye vitabu

Gari inaweza kuwa imekufa barabarani lakini kwenye vitabu vya DVLA lazima iwe hai. Wanataka iwe imesajiliwa kwao, iwe aina ya gari inayohitaji cheti cha ukaguzi (MOT), na kodi ya barabara iwe imelipwa, au kama haikulipwa iwe imetangazwa rasmi kwamba haiko barabarani, wao huita SORN, na hiyo hali iwe haijakatika kwa miaka 5 nyuma. Ukiwa na SORN ya zaidi ya miaka 5 mfululizo, inabidi kwanza ulipe kodi na upate MOT.

Kwa hiyo mtu asikwambie "gari imekufa, kata kodi urudishiwe hela". Hela itarudi yenyewe mbele huko, usikate sasa.

Kuna na sharti linalotisha watu: gari iwe inaweza kwenda kwa nguvu yake yenyewe, na iwe inapatikana wakitaka kuja kuikagua. Sasa gari ya raiti-ofu itaendaje? Ya ami injini ilikuwa yawaka, kilichokufa ni mgongo. Na DVLA wenyewe kwenye maelezo yao ya magari yaliyopigwa raiti-ofu kitu cha kwanza wanachokwambia ni uombe kutoa namba kama unaitaka, kwa hiyo mlango uko wazi, lakini ndio sababu nyengine ya kutolala. Leo gari iko kwa yadi nzima na injini yake, wiki ijayo imefunguliwa vipande.

Hatua ya 4: omba, paundi 80

Unaingia GOV.UK yenyewe, tovuti ya serikali yao, sehemu ya namba binafsi, unachagua kuitoa namba kwa gari. Ukigugo utaona tovuti nyengine nyingi juu kabisa zimelipiwa tangazo, zinafanana, zinakufanyia kazi ile ile kwa bei ya juu. Zipite. Angalia juu ya skrini pameandikwa gov.uk ndio uanze.

Saa ni jambo. Hii huduma hufunguliwa saa 1 asubuhi mpaka saa 1 usiku kwa saa zao. Wakati wao wa baridi sisi tuko mbele masaa 3, kwa hiyo kwetu ni saa 4 asubuhi mpaka saa 4 usiku, na wakati wao wa joto tuko mbele masaa 2, inakuwa saa 3 mpaka saa 3. Mimi nilianza kujaribu baada ya alfajiri nikidhani nawahi, nikakuta kumefungwa, nikaenda zangu kula mahamri na mbaazi.

Wanakuuliza namba ya gari, ile tarakimu 11, na wanaonyesha gari ni gani uthibitishe. Halafu kadi. Paundi 80, kwetu hapa ni mbuzi mzima huyo, lakini hiyo hiyo inatosha mpaka kuivisha kwa gari nyengine, hulipi mara ya pili. Tulitumia kadi ya ami ya kule, benki ikatuma namba ya siri ya kuthibitisha kwa simu ya Uingereza ambayo ami ameiwacha imezimwa kwa mkoba Kibokoni, nikamtuma mtoto na bodaboda. Kama na wewe unafanya kutoka huku, weka hiyo laini hewani mapema.

Ikikubali, piga skrini shoti ya kila kitu kabla hujafunga. Wanakupa namba ya kumbukumbu, na hati inaitwa V778, hiyo ndio namba yako sasa, imelala kwenye karatasi.

Asiyetaka onlaini, au mfumo umemkatalia, kuna fomu V317, inajazwa inapelekwa kwa posta pamoja na logibuku. Inafanya kazi ile ile ila posta ni posta, na kesi ya bima haikungojei, kwa hiyo ukiamua hivyo waambie bima tena kwa imeli kwamba fomu iko njiani.

Hatua ya 5: gari imepata jina jipya, waambie wote

Namba ikishatoka gari haibaki tupu. DVLA wanairudishia namba nyengine, mara nyingi ile iliyozaliwa nayo. Logibuku ya zamani inakuwa karatasi tu, mpya inakuja kwa posta baada ya wiki kadhaa.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanza manake faili ya bima iko kwa namba ya zamani na gari iliyoko yadi sasa ina namba nyengine. Wapigie, wape namba mpya, watumie ile skrini shoti, wape namba ya kesi ile ile. Ami alipigiwa na mtu mwengine wa kampuni hiyo hiyo akamuuliza hii gari ni ya nani, kwetu haipo. Nusu saa tena ya muziki. Muulize pia kama wanangojea logibuku mpya au wanaendelea bila hiyo, wakupe jibu kwa maandishi.

Na zile pleti zenyewe sasa ndio wakati wake. Yadi wanaruhusu mwenye gari kuja kutoa vitu vyake, kijana akaenda na bisibisi akatoa mkoba wa shule, mkeka wa kuswalia, viatu vya mpira, na pleti mbili. Sio kwa sababu ya namba, namba iko kwa karatasi, ni kwa sababu pleti nzuri ikizagaa kwa yadi mtu anaweza kuibandika kwa gari yake akala faini za kamera kwa jina lako.

Hatua ya 6: sasa kubali hela, halafu waambie DVLA gari imekwisha

Sasa sema sawa. Bima watachukua logibuku, lakini wewe baki na kile kipande cha njano cha kuuzia gari kwa wafanyabiashara, usikitume. Halafu uingie tena GOV.UK uwaambie DVLA kwamba gari imepigwa raiti-ofu na imechukuliwa na kampuni fulani. Usidhani bima watakusemea. Usipowaambia, faini inaweza kufika paundi 1,000. Ukiwaambia, kodi ya miezi mizima iliyobaki inarudi yenyewe, na kama ulikuwa unakatwa benki kila mwezi wanasimamisha.

Ukiangalia utaona ni zile hatua ambazo mtu angezifanya siku ya kwanza, kukata kodi, kutuma logibuku, kutangaza gari imekwisha, zote nimezisukuma mwisho. Makusudi.

Ukiwa umeshachelewa

Hela imeingia lakini gari bado iko yadi? Piga simu sasa hivi, sio kesho. Gari ni yao lakini wanaweza kukubali uitoe namba, omba kwa adabu, muombe jibu kwa maandishi. Ikiwa imeshapondwa na DVLA wameshaambiwa, hapo ndugu yangu sina la kukusaidia.

Kuiweka, na kuivisha gari nyengine

V778 inakaa miaka 10. Kabla haijaisha unaomba tena, dirisha hufunguka siku 28 kabla ya tarehe ya mwisho, na ikipita tarehe umepoteza haki. Hati zilizotolewa kabla ya 2015 zilikuwa na muda mfupi zaidi, soma tarehe kwenye karatasi yenyewe. Nimeiweka tarehe ya ami kwenye simu yangu, yake na ya kijana wake, manake miaka 10 ni mingi na mzee ameshaanza kuniita kwa jina la baba yangu.

Ukipata gari, unaingia onlaini na namba ya V778 na logibuku ya hiyo gari, unaivisha. Sharti moja kubwa: namba haiwezi kuifanya gari ionekane changa kuliko ilivyo. Zile za mtindo huo zenye K mbele zilianza kutoka Agosti 1992, kwa hiyo ami anaweza kuivisha gari yoyote iliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia hapo, na gari gani leo ni ya kabla ya hapo? Lakini mwenye namba ya mtindo mpya, herufi mbili kisha tarakimu mbili, zile tarakimu mbili ndio umri, yenye 23 hawezi kuipeleka kwa gari ya 2019.

Usibandike pleti kabla mfumo haujakubali. Na za zamani zikiwa zimevunjika, watengeneza pleti kule wamesajiliwa, watataka kitambulisho na hati yenyewe, mbele nyeupe, nyuma njano, sio kama kumwendea fundi ukamwambia nichoree.

Ya nyuma ya ami ilikuwa imepasuka katikati, K upande huu AMU upande huu. Ya mbele nzima kabisa. Anataka kijana aje nayo Disemba aipigilie juu ya mlango wa nyumba ya Kibokoni, na mke wake amesema juu ya mlango wake hakupigiliwi kitu.